Chakula cha Jirani Yako Si Chalenji

Wacha nianze na lenyewe, asiyelitaka ashukie hapa hapa steji ya kwanza. Hii tabia ya kununua chakula cha jamii nyingine, kukiweka mbele ya kamera, kukunja uso, kukitema kwa tishu na kukipa alama mbili kwa kumi, mimi siiti kontenti. Naiita matusi yaliyowekewa muziki.

Najua ninaowaambia ni watu wa kazi yangu. Mimi pia unga wangu unatoka kwa simu. Najua vile uso uliokunjamana unavuta watazamaji kuliko uso unaotafuna kwa utulivu. Lakini kuna kitu kinaharibika huku mtaani wakati sisi tunahesabu laiki, na nimechoka kunyamaza.

Unazijua hizo video. "Mkikuyu ajaribu mrenda kwa mara ya kwanza." "Tumempa Mluhya mursik, ona kilichotokea." "Mjaluo ala mutura, karibu azimie." Na kilichotokea ni kile kile kila siku. Sahani inasogezwa karibu na kamera. Mtu ananusa. Macho yanatoka. "Wasee, hii ni nini?" Wenzake walio nyuma ya kamera wanaangua kicheko. Anaonja kipande kidogo kama ukucha, anakimbilia maji, anatoa alama. Dakika moja na nusu imeisha. Aliyepika hajaonekana. Jina la chakula limetamkwa vibaya na hakuna aliyejali kulirekebisha. Hujaambiwa kilitoka wapi, kilipikwa vipi wala kiliuzwa pesa ngapi. Umeambiwa tu kwamba kuna watu Kenya hii wanakula vitu vya ajabu.

Mwaka jana kampuni moja ilinitafuta nifanye kitu kama hicho. Nionje vyakula vya makabila sita, halafu nimalizie na kinywaji chao kama dawa ya kuondoa ladha mdomoni. Nikauliza kama naweza kuwahoji wapishi. Nikajibiwa kwamba wapishi watapunguza kasi ya video. Tukaachana hapo.

Njoo Theta saa moja jioni

Kwa wale hawajui, Theta ni kata ya eneo bunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, huku katikati ya Ruiru na Thika. Hizi sehemu zilikuwa za kahawa. Hata ile aina maarufu ya mbuni inaitwa Ruiru 11, kwa sababu kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapo Ruiru. Siku hizi mashamba mengi yamekatwa ploti. Watu walifuata kazi: viwanda vya Thika, mashamba ya mananasi na maua, chuo kikuu cha JKUAT pale Juja, mijengo ya Ruiru. Na Thika Road ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, hata wa ofisi za Nairobi wakaja kutafuta nyumba ya bei nafuu.

Ndiyo maana ukipita kwa korido ya ploti saa moja jioni unaweza kusoma ramani ya Kenya kwa pua tu. Mlango wa kwanza, omena inakaangwa kavu kabla ya nyanya kuingia. Mlango wa tatu, mukimo unapondwa na majani ya thabai, ule mmea unaowasha ukiugusa shambani lakini ukichemshwa unatulia kama mchicha. Mlango wa tano, muthokoi umekuwa kwa jiko la makaa tangu saa tisa na bado mama wa Matuu anasema haujaiva. Ghorofani kuna jirani wa Kilifi, na wali wake wa nazi humfanya kila mtu ajifanye anakuja kuuliza chumvi. Wale vijana wa chuo wako na chapo madondo, kama kawaida, kwa sababu kibanda cha hapo nje kinawaandikia deni.

Hakuna mtu anaishi Theta hii akila kabila moja. Mwisho wa mwezi ukiwa mbali, bakuli huvuka korido. Leo unapewa mboga, kesho unarudisha bakuli na maharagwe ndani, maana bakuli la mtu halirudishwi tupu. Tulilelewa hivyo na hakuna aliyeita kitu hicho "kuonja tamaduni". Kiliitwa chakula.

Hapo ndipo video zenu zinapoingia. Kwa ploti yetu kuna mama ambaye huanika omena kwa trei, kando ya kamba za nguo, ili ikauke vizuri kabla ya kuihifadhi. Watu walikuwa wanampita, wanamsalimia, maisha yanaendelea. Klipu moja ya kijana akitapika kwa sababu ya omena ikazunguka kwa magrupu ya mtaa. Wiki hiyo hiyo watoto wakaanza kushika pua wakimpita huyo mama, wanaigiza maneno ya video moja baada ya lingine. Mama hakusema kitu. Aliingiza trei ndani, akaiweka dirishani. Mtoto wake akakataa kubebeshwa omena kwa kontena ya shule.

Hiyo ndiyo bei ya laiki zako elfu kumi. Trei moja imeondolewa juani, na mtoto mmoja amejifunza kuona haya kwa sababu ya mkono uliompikia.

Na usiniambie ni kitu kidogo. Sisi ni Wakenya, na tuliona mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Mtu hasimami siku moja tu akamchukia jirani yake. Huanza na vitu vya kucheka: vile wanaongea, vile wanavaa, vile wanakula. "Watu wa samaki." "Watu wa githeri." "Watu wa maziwa ya majivu." Sisemi video ya omena inaleta vita. Nasema lugha ya dharau hukuzwa polepole na watu wanaodhani wanatania, halafu siku wanasiasa wanapoitafuta wanaikuta tayari, imeiva.

Hukuonja chakula, ulionja haraka yako

Sasa tuje kwa ladha yenyewe, maana wengi hujificha hapo. "Lakini ni chungu kweli!" Sawa. Ulikula nini hasa?

Chukua saga. Ni chungu, hakuna anayebisha. Wanaoijua huichemsha, hupunguza ule uchungu, halafu huipika na maziwa na kuiacha ilale. Wengine huiongeza maziwa tena kesho yake. Siku ya pili ndiyo inakuwa mboga yenyewe, laini, na uchungu uliobaki ni ule wa kukufanya utake tonge lingine. Wewe uliichuma saa nne, ukaichemsha saa tano, ukairekodi saa sita. Ulichoonja ni kazi ambayo haijaisha, halafu ukampa alama mtu ambaye hakuipika.

Mrenda nao mnaucheka kwa sababu unavutika. Unavutika kwa sababu ndivyo ulivyo, na ndiyo raha yake: unashusha ugali wa wimbi au mtama vizuri kuliko mchuzi wowote. Wanaoupika huuchanganya na majani ya kunde na kuulainisha kwa munyu, yale maji ya majivu yanayochujwa nyumbani. Wewe uliula na kijiko, peke yake, kama dawa ya kikohozi. Hata pilau ukiila hivyo ukiwa na nia mbaya itakushinda.

Mursik mnaiita maziwa yaliyoharibika. Maziwa yaliyoharibika ni yale yaliyosahaulika. Mursik haisahauliki. Kibuyu chake, sotet, husafishwa na kupakwa ndani unga wa mkaa wa miti maalumu kama senetwet, maziwa yakamiminwa na kuachwa siku kadhaa mpaka yagande kwa mpangilio. Huo mkaa ndio unaoyapa rangi na harufu. Na niwaulize: wanariadha wetu wakirudi na medali wanapokewa na nini pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta? Wanashikishwa kibuyu cha mursik mbele ya kamera, na nchi nzima inapiga makofi. Kwa hivyo ni utamaduni wetu medali ikiwa shingoni, halafu ni "maziwa ya majivu" jirani Mkalenjin akiwa nayo kwa friji ya ploti?

Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kwa kinu mpaka ganda likatoka, kazi ya bega na jasho. Kumwita anayekula muthokoi maskini wa githeri ni kutojua hata unachokiangalia.

Na ninyi watu wa kwetu wa Kiambu, msinipigie makofi sana. Mgeni akija akaonja mutura pale steji, akasikia ni matumbo na damu, akatema, mnavyokasirika! "Hajui vitu vizuri huyo." Mnamtetea muuza mutura kama mjomba wenu. Waskoti wako na haggis, Wafaransa wako na soseji ya damu inayouzwa kwa maduka ya heshima, na mutura yetu ni ndugu yao. Hiyo hasira mliyo nayo kwa mutura, ipelekeni pia kwa omena. Ikibaki kwenu tu, hapo hamteteti chakula, mnatetea kabila.

Githeri yako ina pasipoti

Kitu kingine kinachonikera ni hili jina "cha kawaida". Video nyingi zimejengwa juu ya wazo kwamba mimi nakula chakula cha kawaida, wale wengine wanakula mambo. Hebu tukague hicho cha kawaida.

Mahindi yalitoka Amerika, yakaingia pwani yetu na Wareno. Kabla yake ugali wa huku ulikuwa wa wimbi na mtama. Mahindi meupe yakawa mfalme wa sahani wakati wa ukoloni. Viazi vililetwa na Waingereza. Sukuma wiki, ile tunayoiimba kama wimbo wa taifa, nayo si mzaliwa wa hapa. Maharagwe mengi ya githeri ni wa ukoo wa Amerika vilevile.

Hapo kwa maharagwe ndipo hadithi inakuja mpaka mlangoni petu. Upande wa Thika kuna ule mlima wa Kilimambogo. Wakikuyu waliuita Kianjahi. Njahi ni jina la zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe, na ni jina la mvua ndefu pia. Mama akijifungua alipikiwa njahi. Ilikuwa chakula cha heshima, na shamba lake lilikuwa la wanawake. Mwanahistoria Claire Robertson aliandika mwaka 1997 jinsi serikali ya kikoloni ilivyosukuma maharagwe ya kuuza nje badala ya njahi, na jinsi wanawake Wakikuyu walivyoona zao lao likisukumwa pembeni. Moja ya maharagwe yaliyoenea linaitwa Canadian Wonder. Ndiyo, Kanada. Baadaye, miaka ya 1970 na 1980, mradi wa utafiti wa jamii ya kunde uliokuwa hapa Thika ukachagua aina bora na kuzipa namba: Rosecoco ikawa GLP 2, Canadian Wonder ikawa GLP 24, na ile nyekundu ndogo tunayoiita Wairimu ikawa GLP 585.

Sina ubaya na Wairimu. Imenilea. Ninachosema ni hiki: ewe unayejirekodi ukisema leo unaonja Kanada kwa mara ya kwanza, jina la Kanada umelitafuna kwa githeri ya shule tangu darasa la kwanza, na utafiti wake ulifanywa ng'ambo ya barabara. Ikiwa mgeni huyo alikubalika mpaka tukamwita wa nyumbani, basi mrenda, ambao ni wa Afrika kabisa, unahitaji ruhusa gani zaidi?

Na tusimame Kanada kidogo, kwa sababu ni nchi Wakenya wengi wanahamia na kutuletea video za vyakula vyake. Huko kuna chakula kinaitwa poutine: chipo zilizomwagiwa mchuzi wa nyama na vipande vya jibini changa. Kilianza sehemu za mashambani za Quebec miaka ya 1950. Kwa miaka mingi kilikuwa cha kuchekwa, kijiti cha kuwapigia watu wa Quebec kwamba ni washamba. Leo kinauzwa kote nchini humo na watalii wanakipangia foleni kama alama ya taifa. Chipo ni zile zile, mchuzi ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba wenyewe walikataa kuona haya.

Lakini nchi hiyo hiyo ina hadithi chungu zaidi. Kwa zaidi ya miaka mia moja watoto wa wenyeji wa asili walitolewa kwao wakapelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, wakakatazwa lugha zao, na chakula cha mama kikabaki nje ya lango. Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi mwaka 2008. Ukitaka kumfanya mtoto aione familia yake kama takataka, anza na sahani. Wao walitumia shule. Sisi tunatumia simu, tena tunajirekodi.

Majibu ya zile hoja zenu

"Ni utani tu, acha kuwa mkali." Utani wa makabila tunao, na ni mtamu, kwa sababu una pande mbili. Mimi nakutania wewe, wewe unanirudishia, tunacheka pamoja. Huyo mama wa trei alikuwa na nafasi gani ya kukurudishia? Hana kamera, hana wafuasi, hata hakujua yuko kwa mchezo.

"Kila mtu ana ladha yake." Kweli kabisa. Mimi kamongo hainiendi, na sitajilazimisha. Kusema "hii hainiendi" ni ladha. Kusema "hawa watu wanawezaje kula hii" ni kitu kingine, na wewe unajua tofauti. Sahani inaweza kukataliwa kwa adabu: unashukuru, unaisogeza, unaendelea na hadithi. Bibi zetu walijua kufanya hivyo bila kuandikiwa.

"Lakini tunavipa umaarufu." Umaarufu gani? Baada ya video yako, nani alinunua saga zaidi? Mama mboga wa steji ya Kenyatta Road hakuuza hata shada moja la ziada. Umaarufu uliupata wewe. Chakula kilipata sifa ya kutapisha.

"Ndivyo kazi inavyotaka." Hapa kidogo nawaelewa, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji maadili. Lakini kazi yetu ni kufanya watu watazame, na kuna njia zaidi ya moja. Mwanamke akichambua omena kwa vidole vinavyoenda haraka kuliko macho ni kitu cha kutazama. Kinu kikipigwa na watu wawili kwa zamu bila kugongana ni kitu cha kutazama. Ukishindwa kutengeneza dakika moja na nusu ya kuvutia kutoka hapo, shida si mursik.

Kinachoenda kupotea

Mnajua nani alikuwa anapigana vita hivi kabla yetu? Mwanasayansi, pale pale Juja. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT amefanya kazi miaka mingi kwa mboga ambazo wengine waliziita magugu: managu, saga, terere, mrenda, kunde. Kuna wakati wataalamu wa kilimo walimshauri mkulima azing'oe apande kabichi. Utafiti umeonyesha kwamba kwa madini na vitamini nyingi, hizo "magugu" zinaishinda kabichi mbali sana. Mwaka 2015 jarida la Nature liliandika habari ndefu kuhusu mboga za Afrika, na kazi yake ikiwa humo. Dunia inasoma mboga zetu, sisi tunazitemea tishu.

Mwaka 1999 Maundu, Ngugi na Kabuye walitoa kitabu kikubwa cha mimea ya chakula ya asili ya Kenya, kupitia Makavazi ya Taifa. Mwaka 2007 ulianza mradi wa kurekodi vyakula vya asili pamoja na jamii zenyewe na watoto wa shule, kwa sababu ujuzi ulikuwa unapotea na vyakula hivyo vilihusishwa na umaskini na ushamba. Desemba 2021 UNESCO iliuweka mradi huo wa Kenya kwa orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Soma tena hiyo sababu: dharau. Miaka kumi na minne ya kazi ya kuondoa dharau, halafu sisi tunairudisha kwa klipu moja baada ya nyingine, bure.

Na chini ya mboga kuna mbegu. Managu ya kweli haitoki kwa pakiti inayong'aa. Inatoka kwa nyanya aliyekausha matunda, akafunga mbegu kwa kitambaa, akampa binti yake. Mwaka 2012 sheria ya mbegu ilirekebishwa, na kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kukawa kosa la kukufunga mpaka miaka miwili au kukutoza faini ya mpaka shilingi milioni moja. Nyanya yako angeweza kuwa mhalifu kwa kumpa jirani mbegu. Wakulima wadogo 15 walienda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinaenda kinyume cha Katiba. Wakulima wakapata haki ya kuweka na kugawana mbegu zao.

Sasa niambie, haki hiyo ina maana gani kama hakuna anayetaka kula kilicho ndani ya kitambaa? Korti inaweza kurudisha mbegu. Haiwezi kumfanya mtoto wa Theta atamani managu. Hiyo ni kazi ya mezani, na siku hizi meza imehamia kwa simu, yaani kwetu sisi.

Ukitaka ushahidi kwamba hizi mboga si za "wale", tazama majina. Managu ya Mkikuyu ndiyo osuga ya Mjaluo, ndiyo rinagu ya Mkisii, ndiyo mnavu wa Mswahili. Mrenda wa Mluhya ndio apoth ya Mjaluo. Omena ni dagaa kwa Mtanzania na mukene kwa Mganda. Uliyemcheka Jumanne anakula kitu ambacho bibi yako alikila Jumatano na jina lingine.

Basi tufanye hivi

Sisemi tuache kuonja vyakula vya wengine. Tuonje zaidi, na hasa sisi wa huku, ambao Kenya nzima imehamia kwa korido yetu. Lakini tuwe na masharti, na mimi nimejiwekea haya matano.

Moja, mpishi anaonekana na anasikika, kama anataka. Kama hataki, jina la chakula na la sehemu yake vinatajwa sawasawa, kama wenyewe wanavyotamka.

Mbili, kinapikwa na anayekijua, na kinapewa muda wake. Kama saga inataka kulala, inalala. Video itatoka kesho.

Tatu, kinaliwa na kinacholiwa nacho. Omena na ugali, mrenda na ugali wa wimbi, njahi na chapati au mukimo. Hakuna kijiko kimoja cha majaribio.

Nne, mpishi analipwa. Chakula, muda na sura yake, vyote ni kazi. Ukipata pesa ya tangazo kutoka kwa sahani yake, yeye si shabiki wako, ni mshirika wako.

Tano, hakuna alama. Hakuna mbili kwa kumi, hakuna tisa kwa kumi. Nani alikufanya mwalimu? Kama umependa, omba uongezwe. Hiyo ndiyo alama ya pekee ambayo mpishi yeyote wa Kenya anaielewa.

Na kwa kampuni zinazotupa kazi: mkitaka uso uliokunjamana, tafuteni limau.

Sasa nawaachia uwanja. Kwa komenti hapo chini usiniandikie chakula gani kilikushinda, hizo tumesoma za kutosha. Niandikie chakula kimoja cha jirani ambaye si wa kabila lako, ambacho ulifundishwa kula ukakipenda, na nani alikufundisha. Andika pia kinapikwaje. Nitaanza mimi: wali wa nazi na mbaazi, kwa yule jirani wa Kilifi. Nazi haikamuliwi mara moja. Tui zito linawekwa kando mpaka mwisho, na ukilimwaga mapema atakuambia toka jikoni kwangu.